Walivyonisafishia Visu

Hapa Amu, kisiwani kwetu, mtu akitaka kukudharau bila kuvunja adabu hukwambia, "Bi, una mambo yako." Mimi nimeambiwa hivyo tangu usichana wangu, nikaambiwa nilipoolewa, nikaambiwa nilipofiwa na mume, na mwaka jana nikaambiwa tena mbele ya ukumbi mzima wa watu, mgeni rasmi ameketi mbele na asumini shingoni. Mambo yangu ni visu vya kukunja. Tena si visu vyote. Nakusanya vile vilivyotoka kiwandani na kasoro, au na chapa ambayo vingine havina. Kwa miaka yote hiyo sijamuudhi mtu kwa visu vyangu. Wao ndio walioniudhi, na nitasema walivyoniudhi.

Baba yangu alikuwa na duka la vyombo vya kazi katika ndia kuu, njia kubwa ya mjini: misumari, ndoana, kamba, randa, patasi, na visu vya kukunja. Visu vilikuja kutoka Mombasa dazeni kwa dazeni, kila kimoja kimezungushiwa karatasi ya mafuta. Walionunua walikuwa wavuvi, wakata boriti, maseremala, na wazee waliopenda kumenya chungwa barazani huku wakizungumza. Baba hakumuuzia mtu kisu kabla ya kukifungua yeye mwenyewe, kukifunga, na kulitazama bapa pande zote mbili. Na kila shehena haikukosa kimoja au viwili vyenye jambo. Mteja akikitazama alisema, "Hiki cha bandia," akakirudisha. Baba hakubishana. Aliniita mimi, niliyekuwa nikikaa nyuma ya duka juu ya gunia la kamba na sindano yangu mkononi, akanipa.

"Chukua," alisema. "Hiki kimezaliwa vibaya, lakini kinakata."

Hapo nyuma ya duka ndipo nilipojifunza kushona kofia, na hadi leo kofia ndizo zinazonilisha. Kofia njema ina mamia ya vijitundu vilivyozungushiwa uzi, na mimi hukata uzi kwa kisu kidogo, si kwa mkasi. Kwa hiyo visu vile vilikuwa vyombo vya kazi kwanza. Lakini mtu anayeshona vijitundu huzoea kutazama vitu vidogo, na nilianza kuvitazama. Kimoja kilipigwa chapa mara mbili, herufi zikawa na kivuli. Kimoja jina la nchi kilikotoka lilikosa herufi. Kimoja kilitiwa bapa la kisu kikubwa katika mpini wa kisu kidogo, kwa hiyo hakikufunga kamwe, ncha ilibaki nje kama ulimi wa mtoto mtundu. Kingine mpini wake ulikuwa wa pembe nyeusi upande huu na wa mbao nyekundu upande wa pili, kana kwamba mtu alipapasa sandukuni bila kuangalia.

Hicho ndicho kilichonishika. Visu kumi na kimoja vyote sawa havikwambii kitu. Hicho cha kumi na mbili kinakwambia kulikuwa na mtu. Alichoka, au alikuwa akizungumza na mwenzake, au chuma cha chapa kilimteleza. Mimi mwenyewe ninazo kofia ambazo nikiziona vichwani mwa watu msikitini siku ya Idi, naweza kusema: pale, mstari wa nne, ndipo mwanangu alipoanza kulia kwa homa. Hakuna anayeliona kosa lile ila mimi, na nisingekubali mtu alifute.

Nitaje na habari ya bundi, kwa sababu ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Kiwanda kimoja huko ng'ambo kilikuwa kikipiga chapa ya bundi kwenye bapa. Sasa nani huku kwetu atatia bundi mfukoni, aingie naye baharini? Baba alipata dazeni nne, hakuuza hata kimoja. Wavuvi walivigusa kwa ncha ya kidole na kusema "audhubillahi". Baba aliandika barua kwa mwenye duka la jumla Mombasa. Sijui barua ile ilifika wapi. Ninachojua ni kwamba shehena iliyofuata, bundi hakuwa na masikio. Mtu alikuwa ameyasawazisha kwenye chuma cha chapa, akabaki ndege mwenye macho mawili makubwa, hajulikani ni ndege gani. Baada ya hapo mdomo ukarefushwa, shingo ikatolewa, watu wakamwita njiwa, na visu vikanunuliwa. Nilikuwa navyo vyote vitatu: bundi, asiyejulikana, na njiwa. Nilivipanga pamoja na nilipenda kumwonyesha kila mgeni aliyekuwa na subira.

Cha nne nilikipata Faza, safari ya boti kutoka kwetu. Nilikwenda huko arusini, mwaka mmoja kabla ya korona, na katika nyumba niliyofikia kulikuwa na mjane mzee, mama wa mwenye nyumba, ameketi uani akichana ukindu wa kusukia mikeka. Alichania kisu cha kukunja. Niliona kitu kwenye bapa, nikasogea.

"Bi, naomba nikitazame kisu chako."

"Wakitakia nini?"

"Nataka kuona jina lake."

Aliangua kicheko. "Kisu kina yina? Haya, tazama."

Alikuwa bundi, mwenye masikio yake mawili, lakini alipigwa juu chini. Miguu juu, kichwa chini. Sijawahi kuona kingine kama kile na sidhani kipo. Yule bibi aliniona nilivyokikodolea macho, akanieleza.

"Mume wangu alipokileta, nalimwambia, bundi wa nini nyumbani mwangu? Akanambia, 'Huyu yuko kitwa tini. Bundi aliyepinduka kesha kufa, hana ubaya tena.' Akavua nacho mpaka akawa mzee, na alikufa kitandani mwake, alhamdulillahi."

Nilimwomba anipe, akakataa. Nilimwomba nimpe kingine badala yake, akakataa. Nilirudi Faza kila nilipopata sababu, na kila nikirudi nilimpelekea halua, tukaketi, nikamsaidia kuchana ukindu, na kisu sikukitaja tena. Mwaka wa tatu, nilipokuwa nikiaga, alinitia kisu mkononi mwenyewe.

"Vidole vyangu vimekuwa vizito," alisema. "Kitwae. Kikae na wendiwe huko kwako."

Basi hivyo ndivyo vilivyokuwa visu vyangu: thelathini na kimoja, kila kimoja na mtu wake.

Mwaka jana kamati moja hapa mjini iliamua kufanya maonyesho ya vitu vya kale. Katibu wake ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa heshima aliyestaafu kazi ya ofisi, mwenye sauti laini na kanzu isiyo na doa. Alikuja kwangu baada ya alasiri pamoja na mjumbe mwenzake. Niliwapa kahawa na kaimati. Akanisifu, akawasifu wazazi wangu, kisha akasema kamati ingependa kuviazima visu.

Moyo wangu ulifurahi, sitaficha. Miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyewahi kuviomba. Lakini nilikuwa na hofu pia, nikamwambia:

"Shemeji, kuna sharti. Visioshwe, visipakwe kitu, visitiwe msasa. Mtu akitaka kupangusa vumbi, atumie kitambaa kikavu. Thamani ya visu hivi ni chapa zake, na chapa zenyewe hazina kina zaidi ya mkwaruzo wa ukucha."

"Nimefahamu, shemeji."

"Nataka uniambie kuwa umefahamu kweli."

Akaweka kikombe chini. "Ni amana," alisema. "Mimi najua amana ni nini."

Amana! Kama angesema neno jingine lolote, huenda ningesita. Lakini neno hilo sisi tumelelewa nalo, na mtu akilitamka humwulizi mara ya pili. Nilikuwa nimeshona kitambaa cha merikani chenye vifuko thelathini na kimoja, kila kifuko na nambari yake. Niliwapa hicho, na karatasi tatu nilizoandika kwa mkono wangu: nambari fulani ni kisu gani, kasoro yake ni ipi, tazama wapi, kilitoka kwa nani. Wakaondoka navyo.

Siku ya kufungua maonyesho nilivaa buibui jipya, nikaenda na dada yangu. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mikufu, makasha, siwa ndogo ya pembe, ile ya kupulizwa, vitabu vilivyoliwa na mchwa, na mwishoni kabisa, karibu na mlango wa jikoni, meza ya visu. Niliiona kwa mbali iking'aa. Nilidhani wameweka visu vingine. Nilidhani ni vijiko, wallahi. Nikasogea nikaona mpini wa pembe nyeusi na mbao nyekundu, nikafahamu.

Vilikuwa vinameremeta kama vioo. Bapa zote zilikuwa nyeupe, laini, na mistari midogo ya mviringo, alama ya mashine. Nilichukua cha kwanza, nikakigeuza. Hakuna herufi. Nilichukua cha pili. Hakuna. Nilimtafuta bundi, nikamtafuta yule asiye na masikio, nikamtafuta njiwa. Kulikuwa na visu vitatu vilivyofanana kama mayai. Nikatafuta cha Faza. Nilikijua kwa mpini tu. Mahali pa bundi palikuwa tupu kama kiganja.

Mbele ya visu kulikuwa na kadi imepigwa chapa kwa kompyuta: "Visu vya wavuvi vya zamani. Kutoka nyumba ya marehemu," halafu jina la mume wangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na karani hodari, na hakujua hata kupara samaki. Hakuvigusa visu vile hata siku moja, ila mara mbili tatu alipovisogeza ili apate mahali pa kuweka redio yake. Karatasi zangu tatu hazikuwapo.

Shemeji yangu aliniona, akaja akitabasamu.

"Umeona, shemeji? Tumekusafishia. Vilikuwa na kutu, vina weusi, mgeni rasmi angetuonaje?"

"Mmefanya nini?" nilisema.

"Tumempa fundi wa mtaa wa Wiyoni, mwenye mashine. Vimekuwa vipya."

"Ni nani aliyekwambia nataka vipya?"

Sauti yangu ilipanda. Niliisikia ikipanda, na sikuirudisha. Watu waligeuka. Dada yangu akanishika buibui kwa nyuma. Shemeji akainamisha kichwa, akaninong'oneza, "Shemeji, tusitiriane. Tuko mbele ya watu."

"Uliniambia amana mbele ya mtu," nilimwambia, "na mimi nakuuliza mbele ya watu. Nilisema visitiwe msasa, sikusema?"

"Si una picha za chapa zake?" alisema.

"Ninayo picha ya marehemu mama yangu pia."

Hapo ndipo aliponyoosha mgongo, akawageukia wale waliokuwa karibu, na kwa ile sauti yake laini, kama mtu anayemwombea radhi mtoto wake aliyemwaga chai, akasema, "Bi ana mambo yake." Wengine wakacheka. Mgeni rasmi pia akatabasamu, ingawa hakujua anatabasamia nini.

Nilikuwa na kikapu. Nilivikusanya visu kimoja kimoja, polepole, nikavitia kikapuni. Mjumbe mmoja alisema maonyesho hayajafunguliwa rasmi, hakuna ruhusa ya kuondoa kitu mezani. Nikamwambia ruhusa yangu ninayo. Nilichukua na ile kadi. Tulitoka mimi na dada yangu, na huko nyuma nikasikia mtu akianza kusoma dua ya ufunguzi.

Tulipofika nyumbani dada yangu alitundika buibui lake. Halafu akasema, "Ungeweza kungoja wageni waondoke." Nilimwambia kama amekuja kunifundisha adabu, aende akaifundishe kamati. Akalia, nami nikalia, tukanywa chai.

Asubuhi yake niliketi dirishani penye mwanga na kioo changu cha kukuzia, kile ninachotumia nikishona. Nilivitazama kimoja baada ya kimoja hadi adhuhuri. Kwenye viwili nilipata mkia wa herufi. Vingine vyote vilikuwa vimefutwa kabisa. Na hesabu haikutimia: vilikuwa ishirini na vinne. Saba havikuwapo.

Alasiri walikuja wazee watatu wa upande wa mume wangu kusuluhisha. Walisema shemeji alikusudia wema, walisema mgeni rasmi alishangaa, walisema mwisho wa yote ni visu tu, na chuma ni chuma. Walikuwa wameketi sebuleni kwangu, migongo yao inaelekea mlango wa nyumba uliochongwa enzi za babu yao.

"Mlango huu," niliwauliza, "mtu akija akaupiga randa, nakshi zote zikaondoka, ukawa laini kama meza ya shule, mtasema ni mbao tu?"

Walitazamana. Mkubwa wao akasema, "Mlango ni urithi."

"Urithi wa nani? Wenu. Visu ni vyangu, ndiyo maana ni chuma tu."

Walimaliza kahawa yao bila aibu. Walipoondoka waliniachia bahasha kutoka kwa kamati. Ndani mlikuwa na cheti cha shukrani, kina rangi ya dhahabu pembeni, na jina lililoandikwa ni la mume wangu. Nilikirudisha kesho yake, nikaandika nyuma yake kwa kalamu: "Aliyetajwa hapa amekufa, na hakuwa na visu."

Visu saba sikuviulizia kwa shemeji. Nilikwenda mwenyewe Wiyoni kumtafuta fundi, na njiani nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia, kila moja kali kuliko lililotangulia. Nilimkuta katika kibanda cha mabati, mtu wa makamo kutoka bara, anaunga mageti na kunoa mapanga. Alizima mashine aliponiona, akafuta mikono.

"Wewe ndiwe uliyesugua visu vya maonyesho?"

"Ndiyo, mama," alisema. Kisha, kabla sijafungua kinywa, "Ni zako? Mama, pole. Mimi niliuliza."

"Uliuliza nini?"

"Niliona hizo maandishi. Zingine zilikuwa double, zingine ziko na ndege. Kuna moja ndege amegeuzwa, kichwa chini. Nikajiambia, hii kitu si ya kawaida, lazima mwenyewe anajua. Nikampigia simu yule mzee. Nikamwambia, mzee, nikitia hii kwa grenda, hii mashine ya kusugua, haya maandishi yataenda yote. Akasema yaende, hayo ni makosa ya kiwanda, hayafai kuonekana na wageni."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, mama. Nikamuuliza mara ya pili. Akaniambia nifanye kazi niliyopewa."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Maneno yangu makali yote yalikuwa mdomoni na hapakuwa na mtu wa kumpa. Mpaka saa ile nilikuwa nimejiambia shemeji yangu hakujua. Mtu anaweza kusahau, anaweza kudhani kutu ni kutu. Lakini aliulizwa, mara mbili, na mtu asiyetujua, na jibu alilitoa kwa simu kama anayeagiza simiti.

Fundi aliingia ndani akatoka na kitu kimefungwa gazeti. "Hizi saba sikumalizia. Stima ilipotea, mashine ikalala. Iliporudi, wakaniambia basi, zimetosha, hizo chafu nibaki nazo."

Vilikuwa visu vyangu, na weusi wake, na herufi zake. Kile kisichofunga kilikuwamo. Chenye jina la nchi lililokosa herufi kilikuwamo. Bundi hakuwamo hata mmoja. Nilimshukuru yule fundi, na nilimaanisha, na nilipokuwa nikirudi kwa miguu nilikasirika zaidi kwa sababu ya shukrani ile. Mtu wa bara, hajui baba yangu ni nani, aliliona lile ambalo ndugu wa mume wangu, aliyekula kwangu kila Ramadhani, hakutaka kuliona.

Ilibaki Faza. Niliahirisha siku nne, kisha nikapanda boti ya asubuhi na kile kisu ndani ya leso. Mjane yule alikuwa uani, mahali pake pale pale. Nilimpa kisu. Alipitisha dole gumba juu ya bapa, akalirudisha, akalipitisha tena.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwa shemeji na fundi, nilisimulia kwa moto, nikitaka akasirike pamoja nami. Aliniacha nimalize.

"Alokitia mashini ni fundi," alisema. "Alomwamuru ni shemeji yako. Na alompa shemeji yako ni nani?"

Niliikunja ile leso.

"Mimi nalikupa wewe."

Ilikuwa kweli, na ilinichoma. Nilikuwa nimejipanga upande wa waliodhulumiwa peke yangu, na huyu bibi alikuwa akinisogeza kidogo, anipe nafasi yangu upande wa pili. Nikamwomba radhi. Akaipokea mara moja, kama mtu anayepokea bilauri ya maji. Kisha akasema, "Na sasa yeye aye hapa."

"Hatakuja, Bi. Mimi mwenyewe hajaniomba radhi."

"Ataya."

Alimtuma mwanawe, mwenye boti, ampelekee shemeji ujumbe. Shemeji alijibu kwa simu, kwa maneno marefu ya heshima. Bibi alikataa kuisikiliza simu. Mwanawe akarudi na ujumbe ule ule, na safari hii aliutoa barazani, mbele ya wenzake shemeji: mjane wa Faza anauliza habari ya amana yake. Mji wetu ni mdogo. Katika wiki moja kila aliyekutana na shemeji alimuuliza kama keshakwenda Faza.

Tulisafiri boti moja. Bibi alitaka na mimi niwepo. Shemeji alikaa mbele, nami nyuma na mizigo. Uani kwa bibi alikaribishwa mkekani, akapewa maji, akaanza hotuba: utamaduni, kamati, nia njema. Bibi alimkatiza.

"Kisu hiki kilikuwa cha nani?"

"Cha shemeji yangu."

"Kabla yake?"

"Cha marehemu mumeo, Bi."

"Ulisema ni amana?"

Alitazama mkeka. "Nilisema."

"Fundi alikuuliza?"

Hapo alisogeza bilauri yake pembeni. Nadhani hakujua kuwa tunajua. "Aliniuliza," alisema.

"Basi sema."

"Naomba radhi, Bi. Nimekosa."

"Nimekusamehe," alisema bibi. Akanielekezea kidole. "Na huyu?"

Shemeji aligeuka upande wangu, lakini macho yake hayakufika. Yalipita juu ya bega langu. "Huyu ni mtu wa nyumbani," alisema. "Sisi tutamalizana wenyewe."

Bibi alinitazama, nami nikamtazama. Hakumlazimisha zaidi, alikuwa amechukua kilichokuwa chake. Nilipoaga niliacha kisu mkononi mwake, na alisema mjukuu wake ameanza kusuka mikeka, atakitumia.

Huu ni mwezi wa tisa tangu siku ile na hatujamalizana. Hajaja kwangu, hajapiga simu. Kwenye harusi moja ya ukoo nilimsikia akisimulia safari ya Faza kama jambo la unyenyekevu wake, na watu wakamsifu kwa kukubali kwenda kumuomba radhi bibi mzee. Kamati inapanga maonyesho mengine. Wamemtuma binti mmoja kuniuliza kama nina kofia za zamani, nikamwambia ninazo na zitabaki kabatini.

Visu naendelea kuvikusanya. Fundi wa Wiyoni siku hizi hutazama bapa za wateja wake kabla ya kunoa, na mara mbili amenipigia simu. Mara ya kwanza ilikuwa mkwaruzo tu. Mara ya pili kilikuwa kisu cha mkata boriti, kimetobolewa tundu la ribiti, ule msumari wa kushikia bapa, mara mbili, la kwanza pembeni kabisa na la pili mahali pake. Mwenyewe alikubali kubadilishana. Kwa hiyo sasa ninavyo vinane, na vile vingine vilivyofutwa nimevirudisha kwenye vifuko vyake na nambari zake, kwa sababu sikujua niviweke wapi.

Dada yangu huniambia nisamehe, kwa kuwa mwenye kusamehe hana hasara. Mimi humjibu kwamba sijaombwa. Juma lililopita nilikutana na shemeji uso kwa uso katika ndia nyembamba ya nyuma ya soko, mahali ambapo lazima mmoja ajibane ukutani ili punda apite. Alinitolea salamu, kwa sauti yake ile laini. Salamu ni wajibu kuijibu, na mimi najua wajibu ni nini. Nilimwitikia salamu yake kamili, na sikuongeza neno. Punda alipopita nikaendelea na safari yangu.